Mazoezi ya Fundi Meraj Din

Mpira aliopewa Fundi Meraj Din hospitalini ulikuwa wa sponji, rangi ya limau, mwepesi hata feni ya dari iliweza kuuviringisha juu ya meza. Aliutazama kama mtu mzima aliyewekewa uji wa mtoto mbele ya wageni. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa akishona mipira ya kriketi, ile migumu ya ngozi nyekundu, na Sialkot nzima, mji wetu huku Pakistani, ilijua kwamba mpira wenye chapa ya namba kumi na saba umetoka mikononi mwake. Leo nesi mdogo kuliko binti yake anampa sponji aiminye.

"Nini hiki?" alimuuliza binti yake.

"Cha mazoezi, Baba. Wamepitisha mrija kwenye mshipa hapa, kwenye kifundo cha mkono, ukaenda mpaka kwenye moyo. Sasa huu mshipa wa mkono usipoamshwa unaweza kuziba."

"Mimi naumwa moyo, wao wananipa mpira. Hospitali gani hii?"

Shagufta aliuweka mpira kiganjani mwa baba yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyemsikiliza nesi. Si kwamba wengine hawakuwepo. Walikuwepo saba, walikuja kwa magari mawili. Lakini wakati nesi Rubina anaeleza, Mjomba Mukhtar alikuwa getini anagombana na mlinzi kuhusu pa kuegesha gari, na mama yake, Khurshid, alikuwa amekaa kwenye benchi la wanawake akisimulia kwa mara ya tano jinsi mumewe alivyoshika kifua na kuanguka juu ya kapu la mipira. Kila mara aliposimulia, kapu lilizidi kuwa kubwa.

Nesi Rubina alimshika Shagufta mkono wake mwenyewe, akamwonyesha. Kunja ngumi, kunjua. Gusa kidole gumba kwa kila kidole, kimoja kimoja. Inamisha kiganja, kiinue, polepole. Kuanzia kesho, minya mpira, hesabu tatu, achia. Kila zoezi mara kumi, kila saa akiwa macho.

"Wiki nzima asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai," alisema Rubina. "Asivute kitu. Pakivimba, bana hapa kwa vidole viwili, usiachie, mlete. Na dada, usingoje maoni ya mtu."

Rubina alikuwa amefanya kazi katika mji huu miaka minne. Alikuwa ametufahamu.

* * *

Kwa siku moja na nusu Fundi alifanya mazoezi. Aliyafanya nyuma ya pazia, kitanda chake cha kamba kikiwa kimesogezwa pembeni, Shagufta akihesabu kwa sauti ya chini kama watu wanaoiba. Moja, mbili, tatu, achia. Vidole vilivyokuwa vimevimba kidogo na kuwa vizito vilianza kulegea. Siku ya pili asubuhi alimenya yai la kuchemsha peke yake, akalitazama kwa mshangao, lakini hakusema kitu, kwani kusema kungekuwa kukiri kwamba sponji ina maana.

Baada ya hapo wageni wakaanza kumiminika.

Kumjulia hali mgonjwa ni ibada, sikatai. Lakini huku kwetu, kando ya mtaro wa Aik, watu hawaji kumjulia mgonjwa hali. Wanakuja kumweleza hali aliyonayo. Kila aliyeingia alikuwa na binamu aliyepata ugonjwa huo huo na kupona kwa kitu fulani, au kufa kwa kukosa kitu fulani. Kila aliyeingia, kabla hata ya kukaa, alinyoosha mkono wa kulia, na Fundi naye akanyoosha wake. Mkono uliochomwa siku mbili zilizopita ukatikiswa, ukabanwa, ukavutwa, mara thelathini kwa siku.

"Baba, wape wa kushoto," Shagufta alimnong'oneza.

"Wa kushoto? Nimewakosea nini?"

Jirani mmoja alileta supu ya makongoro, samli ikielea juu yake unene wa kidole. Khurshid akaipokea kwa machozi ya shukrani. Mtu katoka kufunguliwa mshipa wa moyo juzi, daktari kasema mafuta basi, na hakuna hata mmoja kati ya watu wazima kumi na wawili waliokuwa chumbani aliyefungua kinywa, isipokuwa kuuliza kama na wao wataonjeshwa. Shagufta ndiye aliyetumwa akaipashe moto.

Aliporudi, saa ya mazoezi ilikuwa imefika. Alisimama kando ya kitanda na mpira wa limau umefichwa chini ya mtandio wake. Fundi akatikisa kichwa kidogo: si sasa. Lakini Mjomba Mukhtar alikuwa na macho ya mwewe kwa mambo yasiyomhusu.

"Umeficha nini hapo, mwanangu? Toa tuone."

Akautoa. Akaeleza. Hata alionyesha kwa mkono wake, kunja, kunjua. Mukhtar akaiga ule mwendo wa vidole hewani, chini na juu.

"Shemeji! Hospitali wamekufundisha kukamua nyati wa zizini?"

Waliangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa na chai. Fundi Meraj Din naye akacheka, akacheka kuliko wote, kama anavyocheka mtu anayeona heshima yake inatolewa nje na hana nguvu ya kuizuia. Kisha akauchukua ule mpira na kuutupa dirishani. Mbuzi wa jirani akaunusa, akauacha.

Jikoni Khurshid alimbana binti yake mkono. "Unamwaibisha baba yako mbele za watu."

"Daktari kasema, Mama. Mkono ukiziba atashona na nini?"

"Daktari hakai mtaa huu. Mimi nakaa."

* * *

Siku ya nne Mukhtar alikuja na watu wawili wa sokoni ambao hata hawakuwa wanamfahamu Fundi vizuri. Wamekuja kuona mtu aliyetiwa waya moyoni. Walikaa, wakanywa chai, wakauliza kama waya bado umo. Mazungumzo yalipopoa, Mukhtar alifika kwenye kapu, akatoa mpira mmoja mpya, mwekundu, mgumu kama jiwe la mto, akaupiga kwenye meza. Ko!

"Huu ndio mpira," alisema. "Kama mtu anataka zoezi, aminye huu. Ile takataka ya limau ni ya watoto wachanga na Wazungu."

"Minya basi wewe," alisema mmoja wa wageni.

"Mimi si fundi. Fundi huyu hapa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angecheka na kubadilisha mada. Lakini ukitaka kumwua fundi wa Sialkot huna haja ya bunduki. Mwambie tu mbele ya watu kwamba labda hawezi. Meraj Din aliuchukua ule mpira kwa mkono wa kulia, akaubana. Mpira wa kriketi haubonyei. Umejazwa gome la kizibo na nyuzi za sufu zilizopigwa mpaka zikawa mbao. Alibana mpaka mishipa ya shingo ikatoka, uso ukaiva, naye Mukhtar akihesabu kwa sauti ya mnadani. Mara kumi. Wageni wakapiga makofi.

"Mmeona?" alisema Fundi, jasho likimtiririka. "Nileteeni na banio."

"Baba, hapana!" Shagufta alikuwa mlangoni. "Nesi kasema usivute kitu. Wiki haijaisha!"

"Nani kamwita huyu?" aliuliza Fundi, si kwa binti yake, bali kwa chumba.

Khurshid akamvuta nyuma ya pazia.

Banio la mbao likaletwa, lile la kubana kwa magoti, likiwa na mpira uliokwisha kushonwa nusu. Nusu ile ilishonwa na Shagufta, kama zilivyoshonwa nusu nyingi na mipira mizima mingi tangu macho ya Fundi yaanze kuona nyuzi mbili palipo na moja. Jambo hilo lilikuwa halitajwi nyumbani. Fundi alipitisha sindano mbili, akazungusha uzi wa nta kwenye kiganja, mzungo mmoja, wa pili, na wa pili ukapita juu ya kifundo, pale pale penye kidonda. Akavuta. Ngozi ikalia. Akavuta tena. Ndivyo uzi unavyovutwa, hakuna njia nyingine, mshono uliolegea hautoki nje ya mlango wa kiwanda. Alipiga mishono kumi na moja. Wa kumi na mbili hakuumaliza.

Kifundo kilikuwa kimefura ukubwa wa yai la bata, na chini ya ngozi palikuwa panageuka rangi ya zambarau huku wote wanaangalia.

Shagufta hakuomba ruhusa. Alipita katikati ya wanaume, akapiga magoti, akabana kwa vidole viwili kama alivyoonyeshwa. "Mjomba, itisha bajaji. Twende hospitali sasa hivi."

"Hospitali!" Mukhtar alishtuka kweli, na mtu akishtuka hurudi kwenye anachokijua. "Hao ndio waliomharibu! Huu ni mshipa umehama. Mwiteni Pahlawani."

"Haujahama, unavuja! Nesi alisema..."

"Nesi, nesi! Ondoka hapo. Msichana mkubwa unapiga magoti mbele ya wanaume wageni, huna haya?"

Wakamwondoa. Mama yake ndiye aliyemshika bega, na Fundi mwenyewe, mkono ukiwaka moto, alisema, "Nenda, Shagufta." Vidole viwili vya binti yake vilipoachia, uvimbe ukaongezeka.

* * *

Pahlawani Billa alikuwa mpiga mieleka zamani, na huku kwetu mpiga mieleka akinenepa mno hageuki mzee kama watu wengine, hugeuka tabibu wa mifupa. Ana duka karibu na soko la mboga, picha yake ya ujana ukutani, na benchi ambalo watu hukaa wakisubiri kuvunjwa upya. Mguu ulioteguka amewahi kuuponya, tumwache na sifa yake. Mshipa wa damu hakuwahi kuuona isipokuwa kwa kuku.

Aliupapasa mkono wa Fundi akiwa amefumba macho.

"Mshipa umeruka," alisema. "Umetoka njiani. Sisi tunaurudisha, tunaufunga, siku tatu asiguse mtu."

"Nilisema nini mimi?" alisema Mukhtar.

Akapaka manjano na ute wa yai, akapaka samli ya moto, akaweka vijiti vinne vya mwanzi, akazungusha kitambaa. Alikifunga kwa kukivuta kwa meno, mguu wake mmoja umekanyaga ukingo wa kitanda. Fundi aliuma mto. Wanaume waliokuwa chumbani wakasema mashallah, huyu ndiye mganga, maana tunaamini dawa isiyoumiza haina kazi.

Usiku ule Fundi aliugulia maumivu. Asubuhi akatulia, na nyumba nzima ikapumua.

"Hasikii maumivu tena!" Khurshid aliwatangazia majirani kupitia juu ya ukuta wa ua. "Hasikii kitu kabisa! Mkono mzima umetulia!"

Waliigawa ile habari pamoja na halua. Mkono hausikii kitu, basi umepona. Nimezunguka miji mingi, sijaona watu wengine wanaoweza kula halua kwa sababu kama hiyo.

Shagufta alimpelekea baba yake chai. Vidole vilivyochomoza kwenye kitambaa vilikuwa na rangi ya majivu, kucha zimeingia bluu. Akavigusa. Vilikuwa baridi kama vya mtu anayesubiri kuoshwa.

"Baba, vichezeshe vidole."

"Vinacheza."

"Havichezi, Baba. Angalia."

Fundi akaangalia. Aliviamuru. Uso wake ukaonyesha kwamba alikuwa ameviamuru, na vidole havikusikia. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, hofu iliingia machoni mwake kama inavyoingia kwa watu wote. Akamtazama binti yake, akafungua mdomo. Mukhtar akaingia na gazeti na kipande cha halua.

"Anaendeleaje shujaa wetu?"

"Vizuri," alisema Fundi. "Namshukuru Mungu."

Shagufta alikwenda chumba cha kazi, akarudi na kisu cha ngozi, kile kifupi cha kukatia vipande vya mpira. Alikaa kitandani, akaingiza ncha chini ya kitambaa, akapasua kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani. Mama yake alipiga ukelele. Mukhtar aliruka, lakini kisu kilikuwa wazi na msichana hakuwa akitetemeka, kwa hiyo aliruka mpaka katikati ya chumba akasimama hapo.

"Umemfanyia nini! Umekata tiba ya Pahlawani! Siku tatu hazijatimia!"

"Simama, Baba," alisema Shagufta. "Tunaondoka."

Akasimama. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mgonjwa sana na hakukuwa na wageni.

* * *

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliutazama mkono, akatazama manjano yaliyokauka, akanusa samli, na hakuuliza nani kafanya. Alishazoea.

"Nani alikata bandeji?"

"Mimi," alisema Shagufta.

"Ungechelewa mpaka jioni ningekuwa naukata mkono." Alisema kama anayesoma ratiba ya treni. "Mkono una mishipa miwili mikubwa ya damu. Huu mlioubana kwa kitambaa umeziba. Wa pili unafanya kazi, kwa hiyo mkono utaishi. Lakini neva zimebanwa masaa mengi. Nguvu ya kushika imepotea. Inaweza kurudi kiasi, inaweza isirudi. Mazoezi. Yale yale mliyopewa mwanzo. Mnayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Na yeye?"

Fundi Meraj Din alikuwa anatazama ukuta.

Mdharau mwiba mguu huota tende, nasi tunaijua methali hiyo tangu utotoni, tunaisema kwa wenzetu kila siku.

* * *

Sasa alifanya mazoezi. Oh, aliyafanya! Lakini mtu wa namna hii hata toba yake ina kiburi. Hakuweza kuhesabu mwenyewe. Kila saa, Shagufta akiwa ameinama kwenye banio chumba cha nyuma, sindano mbili zikiwa katikati ya ngozi, ungesikia sauti: "Shagufta! Njoo uhesabu." Aliacha uzi, akaja, akakaa. Moja, mbili, tatu, achia. Mpira mpya wa sponji, wa limau vile vile, ulidondoka mkononi, akauokota, akaurudisha kiganjani mwa baba yake. Ulidondoka, akauokota. Kisha akarudi kushona, maana oda ya Sheikh, mwenye kiwanda, ilikuwa mipira miwili kila siku na hakukuwa na mwingine wa kuishona. Fundi aligonga chapa namba kumi na saba kwa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alipoifanya alikunja uso kama mtu aliyefanya yote.

Wageni walipokuja aliwaambia, "Pahlawani alikuwa ameshaurudisha mshipa. Siku mbili zaidi tu. Binti akaingiwa na wasiwasi wa kike akakata." Wageni wakamtazama Shagufta kwa huruma, ile ya kumhurumia mtu mwenye akili finyu, naye aliwamiminia chai.

Wiki ya tano alikuja Sheikh Iftikhar mwenyewe. Huku kwetu Sheikh si lazima awe mwenye elimu ya dini. Ni ukoo wa wafanyabiashara tu. Kiwanda ni chake na chapa ni zake. Khurshid alitandika shuka la harusi. Mukhtar alivaa koti ingawa ilikuwa Mei, mwezi wa joto kali huku kwetu.

Sheikh alikaa, akachukua mpira kwenye kapu, akapitisha dole gumba juu ya mshono, taratibu, kama kipofu anayesoma. Akachukua wa pili. Wa tatu.

"Meraj Din," alisema, "miaka kumi hujanishonea hivi. Hapa hakuna hata uzi mmoja uliolala. Niliambiwa mkono wako umekwisha!"

"Watu wana maneno, Sheikh," alisema Mukhtar. "Mkono wa shemeji yangu umerudi kama wa kijana."

"Ulifanyaje?"

Fundi alishusha macho kwa unyenyekevu. "Mazoezi, Sheikh. Kila saa. Sikukosa hata mara moja."

Nyuma ya pazia Shagufta alikuwa ameshika sinia. Alisikia kila neno. Aliingia, akaweka vikombe mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa tayari kunyamaza. Alikuwa amenyamaza miaka kumi na miwili, tangu mshono wake wa kwanza, siku moja zaidi isingemwua.

Sheikh alikunywa chai, akasimama, na kama ilivyo desturi akanyoosha mkono wa kulia. Fundi akatoa wa kwake. Sheikh alibana. Akangoja kubanwa naye. Hakuna kilichobana. Akaugeuza ule mkono kama anavyogeuza ngozi sokoni, akalitazama kovu, akatazama vidole vinavyoning'inia.

"Mkono huu haushiki hata kijiko," alisema. "Mipira kashona nani?"

Mukhtar akakohoa. Khurshid akatazama sakafu. Fundi akasema, "Siku nyingine unakuwa na nguvu, siku nyingine..." akaishia hapo. Sheikh alikuwa ameshatazama mikono iliyoleta chai, mikato ya uzi kwenye vidole vya shahada, michirizi ya nta kwenye kucha.

"Wewe?"

"Mimi," alisema Shagufta.

Sheikh alirudisha mpira kapuni. Hakuuweka, aliudondosha.

"Namba kumi na saba inakwenda uwanjani. Inachezewa na wachezaji wakubwa. Niwaambie nini wanunuzi, kwamba kashona msichana chumbani?"

"Umeusifu sasa hivi, Sheikh."

"Nilisifu mshono wa fundi."

"Mshono ni ule ule."

"Mshono ni ule ule," Sheikh alikubali, bila hasira, hata kwa upole. "Fundi siye."

Akanyoosha mkono kwa Mukhtar, akapewa chapa ya shaba iliyokuwa rafuni. Mukhtar aliitoa haraka kama anayempa bwana kiatu chake. Mipira ile ya kapuni, Sheikh alisema, itafutwa namba, itauzwa kwa shule za watoto. Akamwombea Fundi afya, akaondoka.

Mlango ulipofungwa, wote walimgeukia mtu mmoja.

"Ungesema nimeshona mimi!" Mukhtar alifoka. "Ungesema ni jirani! Ungenyamaza tu, kwani ulimi ulikuwasha?"

"Umetuvua nguo," alisema mama yake, analia.

"Wewe ulikata kitambaa," alisema Fundi Meraj Din kutoka kitandani. Alisema polepole, kama hakimu. "Mkono ungepona. Yote haya ni kwa sababu ulikata kitambaa."

Shagufta aliwatazama mmoja mmoja. Ungetarajia alie. Wao pia walitarajia, na nadhani walikuwa wanaisubiri hiyo nafasi ya kumsamehe.

"Kesho naenda kwenye ukumbi wa ushonaji wa wanawake," alisema, "ule wa mipira ya miguu, kwenye barabara ya Daska. Wanachukua watu. Kila mshonaji anaandikwa jina lake."

"Ukumbi!" alisema Mukhtar. "Binti wa fundi namba kumi na saba akakae kwenye mkeka na wanawake wa vijijini?"

"Namba ngapi, Mjomba?"

Mukhtar akatupia jicho rafu, pale chapa ilipokuwa. Khurshid aliendelea kulia. Shagufta alikusanya vikombe, na cha baba yake kilikuwa kimejaa vile vile, kwa kuwa kwa mkono wa kushoto hanywi na hakuna aliyemshikia.

"Kutwa nzima?" Fundi aliuliza.

"Kutwa nzima, Baba."

Akautazama ule mpira wa limau pajani mwake, akautazama mkono, akamtazama binti yake kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Na mazoezi yangu atanihesabia nani?"

Shagufta alikuwa ameshaingia ndani kufua mtandio wa kuvaa kesho.